Kikao cha Nidhamu Kilichokwisha Kabla ya Chai

Kikao kilipangwa saa mbili na nusu asubuhi, kwenye ofisi ya mkurugenzi, ile yenye kiyoyozi ambayo sisi walimu huiona siku ya kusaini mkataba na siku mshahara ukichelewa. Mwenzangu alikaa ukingoni mwa kiti. Mimi nilikaa ubavuni kwake kwa sababu aliniomba. Kanuni za kazi zinamruhusu anayetuhumiwa kuja na kiongozi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na kwetu chama hakuna. Ng'ambo ya meza walikuwepo mkurugenzi, mkuu wa shule na mhasibu, ambaye ni shemeji yake mkurugenzi na siku hiyo alikuwa katibu wa kikao.

Jina la mwenzangu nitalihifadhi. Ofisini kwetu tunaitana kwa masomo, kwa hiyo nitamwita Fizikia. Mimi ni Kiswahili.

Tuhuma yenyewe: amevujisha mtihani wa muhula wa kwanza wa kidato cha tatu kwa wanafunzi anaowafundisha tuisheni. Ushahidi ulikuwa picha moja ya simu, maswali manne ya mwanzo, iliyokutwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi usiku wa kuamkia mtihani. Barua ya kuitwa kikaoni alipewa jana yake saa kumi jioni, akiwa anasaini kutoka.

"Mwalimu, una la kusema?"

Fizikia akasema mtihani katunga yeye lakini hajauvujisha, na hajui picha imetokea wapi. Nikaomba kwa adabu zote kikao kiahirishwe siku mbili, ili aione hiyo picha vizuri na ajiandae. Mkurugenzi akanitazama kama mtu aliyeombwa nauli na abiria mwenzake.

"Madamu, hapa si mahakamani. Hapa ni shule."

Tulitoka kabla ya chai ya saa nne, yeye akiwa na bahasha mkononi. Kwenye ukuta wa ofisi ya walimu nikakuta ratiba mpya ya vipindi imebandikwa. Vipindi vyote vya Fizikia vilikuwa na herufi za jina la mwalimu wa Hisabati.

Ratiba ya shule nzima haipangwi kwa asubuhi moja. Aliyewahi kuipanga anajua.

Simtetei kwa sababu nampenda

Niseme wazi, Fizikia si rafiki yangu. Huchelewa. Kila Jumatatu foleni ya Kimara inamkamata, sijui kwa nini haimkamati siku za posho, na mwalimu wa zamu ndiye anayemshikia kipindi cha kwanza. Maandalio ya somo huyajaza Ijumaa kwa wiki iliyokwisha. Tuisheni anafundisha, sebuleni kwa mtu huko Mbezi, na mkataba wetu unakataza. Lakini nitajieni mwalimu wa sayansi wa shule binafsi Dar es Salaam hii asiyefundisha tuisheni, nami nitawaonyesha mwalimu mwenye mke anayefanya kazi benki.

Watoto wake wanafaulu. Hilo nalo niliseme.

Ungenishika mkono mlangoni pale kwa mkurugenzi ukaniuliza kama kafanya, ningekujibu kwamba inawezekana. Pengine zaidi ya inawezekana. Aliyetunga mtihani ni yeye, waliokutwa na picha ni watoto wa tuisheni yake, na tuisheni hujaa kwa sifa. Mtu mwenye akili zake anajumlisha.

Ndiyo maana kilichonisumbua tangu Juni hakikuwa swali la kwa nini wamemwonea. Lilikuwa swali gumu kuliko hilo: kama kweli kafanya, kikao kile kilikuwa na ubaya gani?

Mume wangu ni fundi magari, hapendi maneno mengi. Nilipomsimulia alisema, "Kama kaiba, kaiba. Kikao cha nini?"

Nililala na swali hilo usiku ule na nyingi zilizofuata.

Pini

Jibu lilianza kunijia kwa kitu kidogo sana: pini ya stepla.

Siku ya kikao picha tulionyeshwa kwenye simu ya mkuu wa shule, kwa umbali wa meza. Baadaye Fizikia aliipata kwa mzazi mmoja akanirushia. Nikaikuza. Juu kwenye kona ya kushoto pini inaonekana, na nyuma yake ukingo wa ukurasa wa pili.

Walimu mtakuwa mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze. Kwetu mwalimu hutunga mtihani kwa mkono, humpa mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma, naye humpa sekretari akauchapa. Nakala moja iliyochapwa, karatasi tupu zisizobanwa, humrudia mwalimu aihakiki, atie saini, airudishe. Baada ya hapo hauoni tena mtihani wake mpaka siku yenyewe. Mashine yetu ya fotokopi imekufa tangu Pasaka, kwa hiyo mitihani yote ya muhula ule ilitolewa nakala steshenari ya nje ya geti, hii inayouza na vocha. Huko ndiko ilikobanwa pini. Kijana wa pale alishinda na mtihani wa kidato cha tatu mchana mzima. Kisha bahasha zikalala ofisini kwa mhasibu.

Ndiyo, mhasibu huyo huyo. Katibu wa kikao.

Hili halimsafishi Fizikia. Ofisi ya mhasibu haifungwi muda wote, na Fizikia ana miguu. Lakini picha ilipigwa baada ya mtihani kutoka mikononi mwake na kupita mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewauliza chochote, na mmoja wao alikuwa anaandika muhtasari wa kikao.

Nikarudi kwenye kanuni, zile za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Huko nyuma nilikuwa nazisoma kama kitu cha mawakili. Zinasema anayetuhumiwa apewe muda wa kujiandaa, na kwa kawaida usipungue saa 48. Zinasema kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na jambo lenyewe. Akikutwa na kosa, apewe nafasi ya kusema ya kumpunguzia adhabu. Akiachishwa, aambiwe sababu na akumbushwe kwamba anaweza kuupeleka mgogoro mbele.

Saa 48 ni muda wa mtu kuikuza picha.

Na kuna jambo ambalo sijalisikia likisemwa ofisini kwetu hata mara moja. Mashine haijatengenezwa. Mitihani iliyofuata imepita njia ile ile, steshenari ile ile, ofisi ile ile ya mhasibu. Kama aliyevujisha ni Fizikia, tumesalimika. Kama ni mwingine, bado tunaye, na sasa anajua kwamba hapa kwetu anafukuzwa mtunzi.

Nilimrudia mume wangu. "Unasema kama kaiba, kaiba. Sasa nani kaiba?"

Akaweka kikombe chini. "Hapo sawa."

Makofi

Tumezoea kufukuzwa kwa jukwaani. Kiongozi anafika, anauliza mganga mkuu yuko wapi, mwalimu mkuu yuko wapi, na mtu hajamaliza kusimama vizuri ameshapoteza cheo. Umati unapiga makofi. Wanaopiga makofi wana sababu zao: wameteseka kwa dawa zisizokuwepo na watoto wasiofundishwa, na hatimaye wanaona mtu mmoja anawajibika. Sitawacheka.

Lakini kumbukeni Bukoba, Februari 2009. Mkuu wa wilaya aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Nchi ilichefuka, na Rais Kikwete akamwondoa. Tunalikumbuka tukio lile kwa viboko, na viboko vilistahili kukumbukwa. Ila kilichovitangulia hakikumchefua mtu: walimu wale walishahukumiwa kwa karatasi ya matokeo. Kama adhabu ingekuwa kushushwa vyeo palepale, naamini habari ingekwisha kwa makofi.

Halafu mwaka 2017. Tarehe 28 Aprili, Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi, walimu wakiwemo. Nakubali kwamba mwalimu mwenye cheti cha mtu mwingine hana haki ya kusimama mbele ya watoto, na nchi ilikuwa imelivumilia jambo hilo mno. Lakini utaratibu ulikwenda kinyumenyume. Watu waliondolewa kwanza, na waliojiona wameonewa wakaelekezwa kukata rufaa wakiwa nje. Mwaka 2022 Serikali iliamua warudishiwe michango ya mifuko ya jamii waliyokatwa kwenye mishahara yao. Maana yake ni kwamba hata aliyeghushi kweli alikuwa na kitu chake, na ilichukua miaka mitano kulisema hilo.

Usiku mmoja nikisoma mambo haya nilikutana na kesi ya Marekani ambayo ilinifanya nikae kitako. Mwaka 1979 Bodi ya Elimu ya Cleveland ilimwajiri mlinzi, bwana James Loudermill. Kwenye fomu aliandika kwamba hajawahi kupatikana na kosa kubwa la jinai. Mwaka uliofuata ikagundulika kwamba mwaka 1968 alishapatikana na hatia ya wizi. Akafukuzwa kwa udanganyifu, bila kuulizwa. Yeye akasema alidhani lile lilikuwa kosa dogo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1985 majaji walisema mtumishi wa umma mwenye ajira kama yake, isiyokatizwa bila sababu, lazima, kabla ya kufukuzwa, aambiwe anatuhumiwa nini na apewe nafasi ya kujibu. Hawakudai kesi ndefu ya mashahidi. Walitaka aulizwe.

Kilichonishika ni kwamba karatasi zote zilikuwa dhidi yake. Hukumu ya mwaka 1968 ipo, fomu ipo, sahihi yake ipo. Na bado majaji waliona kwamba hata pale ambapo jambo lililotokea halina ubishi, kama kumfukuza ndiyo adhabu inayofaa huenda ikawa na ubishi. Mimi kabla ya hapo nilikuwa nikidhani kusikilizwa ni kwa ajili ya wasio na hatia.

Dada na watoto zaidi ya mia

Dada yangu anafundisha shule ya msingi ya serikali, wilaya ya Temeke. Yeye utaratibu anao. Tangu mwaka 2016 nidhamu ya walimu wa serikali ipo chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na ina ofisi hadi wilayani. Mwalimu hupewa mashtaka kwa maandishi, hujibu kwa maandishi, uchunguzi unafanyika. Asiporidhika anakata rufaa makao makuu ya Tume, na mwisho kwa Rais. Na tangu mwaka huo huo wa 2016 sheria inamtaka mtumishi wa umma azimalize kwanza ngazi hizo kabla ya kukimbilia vyombo vya kazi.

Nilimpigia nikiwa na wivu, nikamwambia hivyo.

"Wivu wa nini, mdogo wangu?" akacheka.

Akanisimulia habari ya mwenzao mmoja. Mtoro. Anaonekana Jumanne, anapotea mpaka Jumatatu ya pili. Utoro ndilo kosa linaloongoza kwenye mashauri ya nidhamu ya walimu, kwa hiyo hakuna jipya. Jipya kwangu lilikuwa upande ambao sikuufikiria. Shauri lilipofunguliwa, mkondo wa yule bwana ulibaki bila mwalimu, na aliyeunganishiwa ni dada. Zaidi ya watoto mia, chumba kimoja, darasa la tatu, umri wa kujifunza kusoma kwa kuelewa. Shauri likaenda, likarudi, likaenda.

"Ana haki ya kusikilizwa, sikatai," dada akasema. "Hawa wana haki ya kufundishwa lini?"

Sikuwa na jibu, na kwa siku kadhaa nilikuwa tayari kuiacha makala hii. Maana ni kweli: utaratibu una gharama, na bili haiendi kwa anayetuhumiwa wala kwa anayetuhumu. Inakwenda kwa mtoto aliyekaa sakafuni na kwa mwalimu anayebeba mikondo miwili kwa mshahara mmoja.

Nikampigia tena. Nilitaka kujua shauri lilikwamia wapi hasa.

Lilikwamia kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu mkuu wao ni mtu wa huruma. Miaka yote alikuwa akimwachia yule bwana nafasi wazi kwenye daftari, aje asaini akirudi. Siku mashtaka yalipohitaji ushahidi, daftari likaonyesha mtu yupo kazini siku zote, ana sahihi nadhifu kuliko ya dada. Ikabidi waanze upya kukusanya maelezo ya mtu mmoja mmoja.

"Sasa hapo kilichochelewa ni nini?" nikamuuliza.

"Kilichelewa ukweli. Tuliuandikia uongo miaka mitatu."

Nikamuuliza na chama, kama kilikuja kumtetea mtoro. Kilikuja. Kiongozi wa tawi alikaa na mwenzao, akalisoma jalada lote, kisha akamshauri akiri na aombe apunguziwe adhabu. Dada alikuwa amejiandaa kukasirika, akakosa pa kukasirikia. Mimi nami nilidhani kutetewa na chama ni kusemewa kwamba huna kosa.

Kwa nini kwetu hakuna tawi

Hapa nitapita haraka, maana walimu wa shule binafsi wanayajua na wengine watachoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa haki ya kujiunga na chama. Inakataza mtu kuachishwa kazi kwa sababu ya chama. Inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Watu ishirini wanatosha kuanzisha chama chao wenyewe, na sisi kwa walimu, madereva na wapishi tunazidi.

Chama cha Walimu Tanzania kipo tangu mwaka 1993, lakini nguvu yake iko kwa walimu wa serikali. Ukikitaja ofisini kwetu watu wanataja makato. Asilimia 2 ya mshahara, na pale chama kinapowakilisha walio wengi hata asiye mwanachama hukatwa ada ya uwakala. Malalamiko juu ya makato hayo yamesemwa hadharani kwa miaka, pamoja na utani wa fulana za Mei Mosi. Mwingine anakumbusha mgomo wa Julai 2012, uliozimwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya siku chache. Kama walimu wa nchi nzima walizimwa, anasema, sisi wa geti moja tutafanya nini.

Nayasikia hayo yote na siamini kwamba ndiyo sababu.

Sababu ni Desemba.

Mikataba yetu ni ya Januari hadi Desemba. Shule ikifungwa, mkataba unakufa wenyewe, na kila mmoja wetu anakaa nyumbani sikukuu nzima akisubiri simu ya mkuu wa shule. Hakuna anayefukuzwa. Kuna wasiopigiwa simu. Sheria imeacha mlango hapo: mwalimu aliyekuwa na matarajio ya msingi kwamba mkataba utahuishwa anaweza kudai kwamba kutohuishwa ni kuachishwa isivyo haki. Lakini lazima ayaonyeshe hayo matarajio, na mkurugenzi mwenye akili haandiki popote kwamba mwakani tuko pamoja.

Nani atakuwa katibu wa tawi, akijua kwamba Januari hayupo? Nani atamchagua?

Nilisikia kwa mtu aliyekuwepo kwamba mkurugenzi wetu, barua ya kuitwa usuluhishi ilipofika, alisema, "Ningesubiri Desemba tu, tusingepigizana kelele." Ni kweli. Angemwondoa Fizikia bila kikao, bila picha, bila hata kutaja neno mtihani, na mimi nisingekuwa na cha kuandika.

Usuluhishi

Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba radhi na kueleza kwa nini. Fizikia, mtu wa kuchelewa, safari hii aliwahi. Nilimsumbua sana.

Hawakufika kwenye uamuzi. Walimalizana mezani kwa msuluhishi. Kiasi alicholipwa ni siri yake. Pamoja na malipo akapewa hati ya utumishi safi, na kila upande ukatia saini kwamba haudai tena. Siku ile alinipigia anacheka, akanialika chipsi mayai pale Manzese, nami nikafurahi naye kwa dhati. Mwenzangu kapata haki yake.

Ni kwenye daladala ya kurudi nyumbani ndipo furaha ilipoanza kunichachukia.

Kwa sababu mpaka leo hakuna anayejua. Mkurugenzi hajui, alidhani tu. Msuluhishi hakuwa na kazi ya kujua, kazi yake ilikuwa kuwapatanisha. Wazazi wa kidato cha tatu hawajui. Mimi niliyeikuza picha sijui. Kama Fizikia ni mwizi wa mitihani, ameondoka na pesa na barua nzuri. Kama si mwizi, ameondoka na kovu ambalo barua hiyo haiwezi kulifuta, maana wanafunzi wake wa tuisheni nusu wamehama.

Sasa badilisheni tuhuma. Toeni mtihani, wekeni msichana wa kidato cha pili. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataja kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Lakini kabla ya mimba kuna mengi, na sote tuliofundisha shule binafsi tunajua mengi hayo huishaje. Mzazi anakuja juu. Mkurugenzi anaogopa jina la shule. Mwalimu anaitwa jioni, anaambiwa kesho asionekane. Ofisini tunatangaziwa kwamba mwenzetu ameacha kazi kwa hiari yake. Hakuna hati ya mashtaka, hakuna muhtasari, hakuna aliyemhoji mtoto kwa utaratibu wa kumlinda, hakuna polisi. Januari yuko shule nyingine, wilaya nyingine, ana mabweni.

Wanaosema utaratibu unawalinda walimu wabovu wanataja mfano wa mtoro wa dada yangu, na mfano huo ni wa kweli. Ila mimi nimeanza kuamini kwamba mwalimu mbovu kuliko wote hapendi kikao. Anapenda kufukuzwa upesi. Kikao cha kweli kinaacha karatasi: nani alisema nini, nini kilikutwa, uamuzi gani ulifikiwa na kwa sababu ipi. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, chombo cha kusajili walimu na kushika rejesta yao. Sawa. Rejesta itaandika nini juu ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kukaa chini kuuliza alifanya nini?

Simu kutoka Goba

Wiki iliyopita nilipigiwa na mtaaluma wa shule moja ya Goba. Mwalimu mmoja wa Fizikia ameomba kazi, kaniandika mimi kama mdhamini.

"Yukoje, Madamu?"

Nikamwambia anafundisha vizuri, watoto wanafaulu, Jumatatu huchelewa.

"Na nidhamu?"

Nikamwambia nilichokuwa na uhakika nacho. Aliondoka kwa tuhuma ya kuvujisha mtihani, tuhuma haikuchunguzwa, na kuna vitu kwenye ushahidi wenyewe vinavyoleta mashaka. Nikamshauri amuulize mkurugenzi wetu, maana ndiye aliyesaini barua.

"Tumeshamuuliza," akasema. "Katuambia ni mwalimu mzuri sana, hana tatizo naye lolote, aliondoka kwenda kutafuta maslahi."

"Basi mmeamuaje?"

"Anaanza Jumatatu."